Divai Niliyoilaza Jikoni

Mshangano, Songea
Jumapili alasiri

Mwanangu Editha,

Hali yako siulizi, maana nakuona kupitia dirisha. Uko uani unasuuza magauni ambayo yalishatakata tangu juzi, na umenuna kidogo kwa sababu nimekutoa humu ndani nikisema nataka kulala. Silali. Nimekaa kwenye kiti cha marehemu baba yako, daftari lako la shule lenye kurasa zilizobaki liko magotini, na kalamu inakwama kila mstari wa tatu. Kesho asubuhi unapanda basi la Mtwara. Nina jambo la kukuambia ambalo nimelikalia miaka mitatu, na kwa mdomo nimeshindwa. Wiki hii nimejaribu mara nne. Kila nikianza, naishia kukuuliza kama umekula.

Sitakuandikia habari za kufunga begi, wala kusali, wala wanaume. Begi umelifunga vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mimi, kusali unajua, na kuhusu wanaume sijawahi kusikia mtu aliyeokolewa na barua.

Jambo lenyewe lilianza kunichoma upya Alhamisi jioni. Tulikuwa tunachambua maharage. Ukaniambia meneja wa ile hoteli ya ufukweni amepiga simu, kwamba ana nafasi mbili na utachagua mwenyewe ukifika: kufua mashuka, au kukaa kaunta ya vinywaji na kuwasaidia wageni kuchagua divai na bia za kunywa kwenye joto lile la kwao. Ukasema umeshachagua kufua. Nikakuuliza kwa nini. Hukuinua hata macho kwenye ungo.

"Mama na wewe! Ulimi wangu si wa divai. Si tulishaona?"

Mkono wangu ukatupa maharage mazima pamoja na mabovu, nawe ukanicheka, ukasema uzee umeshapiga hodi. Haukuwa uzee, mwanangu. Ni kwamba ninajua tulichokiona siku ile, na wewe hukijui mpaka leo.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Mimi ni mtu wa kuzunguka, unanijua, hata sokoni napitia kwa wauza dagaa ndipo nifike kwenye nyanya.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la sita, na mimi sikuwa na kazi ninayoiweza zaidi ya kupika komoni. Unga wa mahindi, kimea cha ulezi, pipa, kuni na subira. Watu wa Mshangano waliniita fundi, nami nikaitikia. Fundi ulikuwa wewe. Kabla haijawa pombe, ikiwa bado togwa tamu ya watoto, nilikuwa nakuchotea kidogo, nawe unaonja umefumba macho na kusema, "Mama, kimea cha hii kililowa mvua." Au: "Hii usiwape kesho, wape keshokutwa." Mwanzoni nilidhani unacheza. Siku moja nikapuuza nikauza kesho yake, na Mzee Longino fundi baiskeli akaacha kikombe nusu. Longino, mtu anayefuta povu la mwisho kwa kidole! Akaniaga vizuri, akaondoka, akarudi baada ya wiki mbili. Tangu hapo sikutoa pipa jikoni mpaka useme neno.

Ulipomaliza kidato cha nne tukanunua friji, tukafungua grosari pale mbele, tukapanga bia na zile chupa chache za divai ya Dodoma. Komoni ikabaki jikoni nyuma. Nawe ukawa mtu mzima anayeonja kwa haki yake, unasukutua mdomo, unatema, unafikiri. Wateja walikucheka kwa kutema. "Binti wa Mama Editha anamwaga riziki," walisema. Lakini hao hao ndio walioingia wakisema, "Leo nipe unachoona wewe."

Umesahau mengi uliyokuwa ukiyasema wakati ule. Mimi sikusahau. Nakumbuka Oktoba moja, joto limetukalia mpaka watu wa Songea tunalalamika kama tumeonewa, akaingia dereva wa lori kutoka Masasi. Shati limemganda mgongoni. Akaagiza ile bia nyeusi nzito.

"Kaka," ukamwambia, "hiyo ni ya mwezi wa saba, ya watu wenye makoti. Ukiinywa saa hizi utajisikia umeshiba ugali. Chukua hii nyepesi, na glasi ndogo."

"Glasi ndogo ya nini, dada? Unanibania?"

"Kubwa itapata moto kabla hujafika nusu. Ndogo utaimaliza ikingali baridi, nami nakujazia tena. Na haya maji, unywe kwanza. Una kiu, wewe, huna hamu ya bia."

Akanywa maji, akanywa bia, akacheka peke yake. Kila safari alipopita Songea alisimamisha lori hapa.

Hapa kwetu mtu akiketi tunamuuliza, ya moto au ya baridi? Na Julai wengi wanataka ya moto, iliyotoka kwenye kreti. Ulisema Pwani swali hilo halina maana, lakini baridi nayo ina mpaka wake. Ikiganda mno ulimi unakufa ganzi na mtu anakunywa jina la chupa tu. Ulisema divai nyeupe yenye ukali kama wa limao ni ya mchana, ya mtu aliyetoka juani na anayesubiri samaki. Yenye utamu kidogo ni ya anayekula pilipili, kwa sababu ile kali itamwashia moto mara mbili. Nyekundu nzito isubiri upepo wa jioni, tena iingie kwenye friji kwa muda mfupi kabla ya kuwekwa mezani, na anayecheka mwache acheke. Nyekundu nyepesi hata mchana inafaa ikipoa. Na kwenye joto chagua isiyo na kilevi kingi, kwa sababu jua linamlewesha mtu kabla ya chupa.

Haya yote sikuyasoma popote. Nimeyasikia kwako, nikiwa nafuta meza na kujifanya sisikilizi. Usidhani nakufundisha. Nakurudishia vitu vyako, kwa kuwa mimi ndiye niliyekufanya uvitupe.

Mwezi wa saba, miaka mitatu iliyopita, akaja Bwana Kanisius. Unamkumbuka: mrefu, kofia ya kusokotwa, sauti ya mtu aliyezoea kuagiza. Alikuwa mnunuzi wa vinywaji vya hoteli huko Pwani, amekuja kumwoza mpwa wake. Siku mbili kabla ya harusi aliingia grosari na orodha ya vinywaji, ukaitazama, ukamwambia kwa adabu, "Shikamoo, baba. Wageni wako watakaa chini ya turubai kuanzia saa sita. Ukianza na hizi nzito, saa tisa watakuwa wamelala kwenye viti." Ukampangia upya: nyepesi kwanza, maji na togwa kwenye kila meza, nzito zitoke jua likishapoa. Harusi ilikwisha watu wakiwa wamesimama. Akaja mwenyewe kushukuru.

"Mama Editha, binti huyu anapotea hapa," alisema, nami nikatabasamu kama mama anavyopaswa kutabasamu.

Alisema ana nafasi ya mafunzo, mwaka mzima, kazi ya kuwachagulia wageni vinywaji. Ila wakubwa zake watauliza kama unajua divai. Alikuwa na chupa tatu ndani ya boksi. Yeye anakwenda Mbinga kuwaona ndugu, atarudi Ijumaa, atakujaribu kwa chupa hizo. "Nitunzie, mama. Hiyo moja ni ya thamani sana."

Nikalipokea boksi kwa mikono miwili.

Sasa sikia kosa langu la kwanza, na hili nakuomba ulicheke ukiweza. Mimi ni mpika komoni. Kwetu pombe ikilala kwenye baridi inakufa. Tunaifunika magunia, tunaisogeza karibu na moto, tunaiamkia asubuhi kama mgonjwa. Na wiki ile baridi ya milima ya Matogoro ilikuwa inashuka mpaka vidole havikunjiki. Nikawaza, hii ni pombe ya heshima, ya watu, ikifa mikononi mwangu mwanangu atakosa nafasi. Nikaliweka boksi jikoni kando ya mafiga na kulifunika blanketi langu. Usiku mbili, Editha. Na Alhamisi kutwa pipa la komoni lilikuwa linachemka pale pale. Nililala nikitetemeka ili divai ipate joto.

Ijumaa asubuhi nikafunua. Chupa mbili za upande wa ukutani zilikuwa vuguvugu. Ile ya upande wa moto, ambayo ndiyo ya thamani, ilikuwa na homa. Kifuniko juu ya kizibo kimetutumka, na shingoni kuna majimaji yanayonata. Nikakibonyeza kwa kidole gumba mpaka kikarudi, nikafuta shingo kwa kanga, nikaziweka zote kwenye friji. Nilijiambia imeumuka, ni dalili nzuri. Mpaka hapo nilikuwa mjinga tu, na mjinga husamehewa.

Bwana Kanisius akaja saa kumi jioni, pua imevimba, leso mkononi. Songea ilimpa mafua. Akazifunga chupa kwa gazeti, akakumiminia moja moja. Mimi nilisimama mlangoni na kitambaa changu cha meza. Ya kwanza ukasema ni ya mchana, ya mtu aliyetoka juani. Ya pili ukasema tamu, nzito kidogo, iende na mchuzi wa nazi wenye pilipili. Akawa anaitikia kwa kichwa kwa furaha. Ya tatu ukaionja, ukatema, ukaonja tena.

"Baba, samahani. Hii imepikwa."

"Imepikwa vipi?"

"Imekaa kwenye moto. Tunda lake limekuwa jamu. Mwanzoni ilikuwa nzuri, nzuri kuliko hizi mbili, lakini imepata joto hivi karibuni. Mgeni nisingempa."

Editha, mwanangu! Ulikuwa huoni kitu ila gazeti, na ulisema kama mtu aliyelala jikoni na chupa hiyo.

Bwana Kanisius akavua gazeti, akaangalia karatasi ya chupa, akaonja kwa pua yake iliyoziba. Akacheka, si kwa ubaya. "Binti, hii nimeibeba mwenyewe. Ndiyo bora ya zote. Haijaona jua tangu ilipotoka ilikotengenezwa." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini si mama ndiye aliyeitunza? Huku kwenu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni. Mama, onja utuamulie."

Ni kweli. Tangu bibi yako alipokuwa ananifundisha kushika mwiko, sijawahi kumpa mgeni kikombe ambacho sijakionja mbele ya macho yake, ili ajue hakuna baya ndani. Sijawahi. Hata kwa watu niliowachukia. Siku ile glasi ilikuwa imenyooshwa kwangu, nanyi wawili mnanisubiri, na nilijua kwamba nikiionja nitalazimika kusema.

Nikasema, "Mimi divai siijui, Bwana Kanisius. Nyie ndio mnajua."

Akaweka glasi mezani. Akakuambia kwa upole, na upole wake ndio uliokumaliza, "Ulimi wako ni mzuri, binti, wa bia na wa komoni. Divai ni shule nyingine." Nawe ukainamisha kichwa ukasema, "Nisamehe, baba, nimekosea."

Ulisema kweli ukaomba radhi, mimi nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako na jawabu likiwa kinywani. Huo ndio uovu wangu. Kuilaza divai jikoni kulikuwa kosa la mkono.

Alipoondoka ulikwenda kuoga. Nikachukua ile glasi nikaenda nayo nyuma ya mlango wa stoo, nikaionja. Ilikuwa na ladha ya mapera yaliyochemshwa na kusahauliwa. Hata mimi, mwenye ulimi wa gunia, niliitambua. Na unajua nilijisikiaje? Nilifurahi. Nimeliandika neno hilo mara mbili nikalifuta, sasa naliacha. Nilifurahi kwa sababu hutaondoka. Nilikuwa nimeshaanza kuiona nyumba bila wewe, vyumba viwili na mimi katikati, na jikoni pipa ambalo hakuna wa kuniambia ni la kesho au la keshokutwa. Niliogopa mpaka nikakuuza kwa woga wangu. Nikaimwaga ile glasi, nikaisuuza, nikaja kukuuliza kama umekula.

Nilidhani itapita. Nilijiambia una miaka ishirini na mmoja, nafasi nyingine zitakuja, na kesho nitakueleza. Ukweli wa kesho unakuwa mzito kuliko wa leo, kwa kuwa lazima ueleze na kwa nini hukusema jana. Baada ya wiki nilishindwa kueleza wiki moja. Baada ya mwaka nikashindwa kueleza mwaka. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya kwangu yalikuwa yananiamsha kila siku kuwasha moto.

Nawe ulibadilika mbele ya macho yangu. Mteja akisema, "Nipe unachoona wewe," unajibu, "Chochote tu, kaka, zote ni nzuri." Yule dereva wa Masasi alikuja na joto lake, akaagiza ile nyeusi, ukamfungulia bila neno. Alikutazama akisubiri umkaripie. Akaninong'oneza, "Dada anaumwa?" Nikasema amechoka. Ukaacha kufumba macho ukionja. Hata komoni ukawa unasema, "Mama, amua wewe." Nilichomficha Bwana Kanisius ili kibaki nyumbani, nikakipoteza hapa hapa nyumbani.

Kuna jioni moja unayoweza kuwa umeisahau. Mvua ilikuwa inanyesha, grosari haina mtu. Ukasema ghafla, umeegemea friji, "Mama, labda siku ile nilikuwa na njaa. Labda ndiyo maana nilionja vibaya." Ulikuwa unanitafutia mimi njia, ingawa hukujua. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nami nikajibu, "Labda." Neno moja hilo. Nadhani Mungu atanisamehe ile ya mbele ya mgeni, kwa kuwa nilishtukizwa. Hiyo "labda" sijui, maana nilikuwa nimeketi, nimetulia, na nilikuwa na muda wa kufikiri.

Juzi Ijumaa, baada ya yale maharage, nilitafuta namba ya Bwana Kanisius kwa mpwa wake na kumpigia. Nilikwenda nyuma ya choo ili usisikie. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

"Mama nani? Ah, Mama Editha wa Songea! Shikamoo, mama. Mimi hoteli niliacha zamani, nauza mbolea Makambako."

Nikamweleza yote, blanketi, moto, kizibo, glasi.

"Chupa ipi hiyo, mama? Kwa kweli siikumbuki. Nakumbuka mafua." Akacheka. Kisha akasema, "Kumbe binti alikuwa sahihi? Mpe pole. Mwambie mimi sikuwa nasikia ladha hata ya chai siku ile, niliona haya tu kusema."

Niliketi juu ya tofali. Miaka yako mitatu, na mmoja wa watu waliokuhukumu hakumbuki chupa, na mwingine alijua ukweli. Kati ya watu watatu mezani pale, mwenye ulimi mzima ulikuwa wewe peke yako, na ni wewe tu uliyetoka ukijiona mbovu.

Sitaki kukuhutubia. Nimekupa mawaidha mengi maishani mwako, na mengi yalikuwa mazuri, na hayakunizuia kukufanyia hivi. Nitakuambia tu nilichokiona kwa kuungua. Watu watakupinga kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye chupa, au kwa sababu wana mafua na wanaona haya kusema. Huo si ushahidi. Ukiambiwa umekosea, uliza kwanza chupa ililala wapi. Pwani joto litakuwa adui wako wa kila siku: kreti iliyosahauliwa juani, boksi lililokaa kwenye buti la gari, friji iliyozimika usiku umeme ukikatika na kuwaka alfajiri, na mtu mwema, mwenye nia njema kabisa, aliyeiweka divai kando ya jiko. Utazionja zote hizo. Ukisema "hii imepikwa" na watu wote wacheke, tafadhali usiombe radhi. Na kama aliyeitunza yupo pale, mtazame usoni. Mimi ungenitazama siku ile, nadhani nisingeweza kukwepa. Lakini hukunitazama, kwa sababu ulikuwa unaniamini.

Kuhusu kufua: hakuna aibu kwenye kufua, na kama moyo wako unapenda mashuka meupe na jua la kuyaanikia, chagua hayo na mimi nitajivunia wewe. Ila usifue kwa sababu ya glasi niliyokataa kuionja. Ukisimama mbele ya meneja Jumanne, chagua ukiwa na habari kamili. Habari kamili ni hii: ulijaribiwa kwa chupa tatu zilizofungwa gazeti, ukazipata zote tatu, na ya tatu uliipata kuliko mwenyewe aliyeileta. Siamui mimi. Nilishaamua mara moja kwa niaba yako, na umeona.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mpango. Ningeikunja barua hii ndogo, niichomeke katikati ya magauni yako, uikute ukifungua begi Mtwara, au basi likisimama Tunduru ukitafuta leso. Ungeisoma huko, umezungukwa na watu usiowajua, na mimi ningekuwa hapa nimefunga mlango, mbali na macho yako. Ningesubiri simu, au kutokupigiwa simu, na vyote viwili ningevipokea nikiwa nimekaa peke yangu. Niliuona ni mpango mzuri mpaka nilipofika mstari huu. Ni ule ule ujanja wangu. Ni kumwacha mwanangu na glasi mezani kisha mimi nirudi nyuma kufuta meza.

Kwa hiyo haiingii kwenye begi. Utaisoma leo, humu ndani, jua likiwa bado linaingia dirishani, nami nikiwa nimekaa mbele yako kwenye kiti hiki. Sitainuka kwenda kuangalia moto. Sitakuuliza kama umekula. Ukitaka kulia, utalia nikiona, na ukitaka kunisema, sema mpaka umalize. Ukitaka kulala kwa shangazi yako usiku huu na kwenda stendi ukitokea huko bila kuniaga, mlango hautakuwa na kufuli, na sitamtuma mtu kukufuata. Msamaha siuombi kwenye karatasi. Nitauomba kwa mdomo wangu, huu uliokunyima neno moja mbele ya mgeni, na utanijibu utakavyoona.

Nimekuita sasa hivi. Umeitika, "Abee, mama," kwa sauti ile ile ya siku zote, maana bado hujui.

Mama yako,
Kandida